Safu ya Kasoro za Zamani

Mimi ni mtu wa kutotulia. Chai naimaliza nimesimama, na ndiyo maana kazi ya kuzunguka ilinifaa. Karakana yetu iko Nateete, nyuma ya soko, na riziki yetu inatoka kwa watu wanaohama. Kampuni ya kuhamisha mizigo ikivunja kabati la mtu, mwenye kabati hulalamika, kampuni hutupigia simu, nami hutumwa kukagua. Nikifika naangalia ufa. Ubao uliovunjika jana ni mweupe ndani. Uliovunjika zamani umejaa vumbi na mafuta ya mikono. Uharibifu mpya tunautengeneza kwa niaba ya kampuni, wa zamani ni shauri ya mwenyewe.

Fomu yetu ina safu mbili. Ya kwanza ni ya uharibifu wa safari. Ya pili ni ya kasoro za zamani, nayo iliwekwa kuikinga kampuni, mtu asije kesho akadai kwamba hata mkwaruzo wa miaka kumi uliletwa na lori. Nilikuwa hodari wa safu hiyo ya pili. Nisiseme uongo, nilipenda kuwaona watu wakinywea nilipochomoa tochi na kumulika vumbi ndani ya ufa wao.

Asubuhi moja nilipanda boda hadi Kibuli, kwa Hajati mmoja, mjane wa askari polisi. Alikuwa Mnubi, wa wale ambao babu zao walikuja na jeshi la mkoloni kutoka Sudani, na maisha yake yote ya ndoa aliyaishi kambini. Mume alipofariki, nyumba ya kambi ikatakiwa, akahamia kwa binti yake. Njiani wahamishaji waliiangusha meza yake ya mvule, mguu mmoja ukang'oka. Niliumulika: mweupe kabisa. Hapakuwa na ubishi.

Lakini juu ya meza palikuwa na duara jeusi, lililoungua likaingia ndani ya mti. Hajati aliona macho yangu yamekwenda huko.

"Hapo mama yangu aliweka chetezo siku ya harusi yangu," alisema. "Makaa ilikuwa mingi, hakuna mtu aliangalia. Mama alilia, akasema ameharibu meza ya watu. Sasa yeye hayuko, na picha yake hata moja sina. Mguu mutengeneze. Hapa musiguse."

"Nimesikia, Hajati."

"Basi keti, binti. Chai haikimbii."

Chai haikimbii, ila mimi nilikuwa nakimbia. Simu ililia, mtu wa Kisugu alikuwa ananingoja na kabati lake la kioo kilichopasuka. Nikainywa ile chai wima, nikaunguza ulimi, huku najaza fomu juu ya goti. Safu ya kwanza: mguu. Safu ya pili: alama ya moto, juu, katikati. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika "musiguse", nikajiambia nitawaambia mafundi kwa mdomo.

Sikuwaambia. Kutoka Kisugu nilipelekwa kwingine, na kesho yake kwingine tena, na neno la Hajati likanitoka kichwani.

Sasa, fundi wetu wa polishi ni Mkongo mwenye mkono mzuri kuliko wote ninaowajua, na ana moyo wa kutoa. Akipata nafasi, huisoma ile safu ya pili na kuyatengeneza yaliyomo bure, kama zawadi kwa mwenye chombo. Wateja walimpenda kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsifu mbele ya bosi.

Niliporudi karakana siku ya nne, meza ilikuwa imesimama kwa miguu yake minne, inang'aa hadi nikajiona.

"Duara iko wapi?" niliuliza.

"Imeisha," alisema, anacheka. "Ilikuwa ndani sana, nyabo. Nilipiga randa, nikapiga msasa, asubuhi muzima. Ule mama atafurahi."

"Nani alikwambia uguse?"

"Si wewe uliandika?"

Akaniletea karatasi. Mwandiko wangu, safi, unasomeka. Nilimfokea hata hivyo, kwa maneno ambayo mpaka leo yananiaibisha, mbele ya mafundi wote. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Ungeniambia," alisema, akashika ufagio.

Niliinama nikatafuta maranda ya ile meza sakafuni, nisijue ningeyafanyia nini. Hayakuwepo. Yalikuwa yamechemsha chai yetu ya saa nne. Fundi akasema anaweza kuchoma duara jingine kwa chuma cha moto, likafanana. Wazo hilo nilitembea nalo siku nzima, na lilinivutia kuliko ninavyopenda kukiri. Kisha nikaona kwamba nitakuwa nimemwibia Hajati mara mbili.

Niliirudisha meza mwenyewe. Hajati alipitisha kiganja juu yake taratibu, akazunguka upande wa pili, akapitisha tena.

"Ni mimi," nilisema. "Nilisahau kuwaambia. Wao hawana kosa."

Nilitamani anitukane, nipate mahali pa kuanzia. Ilibaki fomu ya mwisho, ambayo mteja huulizwa kama chombo kimerudi katika hali yake ya kabla ya safari. Aliniambia nimsomee, nikamsomea.

"Wewe unasema nini?" aliuliza.

Nikaandika "Hapana", nikaweka sahihi yangu chini yake. Tangu nianze kazi ile sikuwahi kuandika neno hilo dhidi ya karakana yetu.

"Kale, sawa," alisema. "Sasa keti."

Niliketi. Alileta chai, akaweka kikombe changu juu ya meza, akakitazama, akakisogeza kidogo kushoto, kisha akakirudisha.

"Ilikuwa hapa," aliniuliza, "ama hapa?"

Aliniuliza kwa sababu mimi ndiye niliyeikagua. Nilitazama ule ubao unaong'aa, nikajaribu kukumbuka. Nilikuwa nimeandika "katikati" tu.