Kioo cha Chumba cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alifika kwetu Ngokolo siku ya mechi akitokea upande wa Maganzo, na mtama wa kumpa mke wangu kwenye kiroba. Binti yake wa mwisho alikuwa amesajiliwa na timu ya wanawake, na mchezo ungeonyeshwa moja kwa moja. Kwa miaka mingi mama huyu alikuwa akiukataa huo mpira, na hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Sasa alitaka kumwona, basi. Hakuficha.

Tatizo lilikuwa mimi. Kwao na kwetu, mkwe haketi chumba kimoja na mama mkwe. Nilituma ujumbe kwa mke wangu kwamba nitatoka, mama akae sebuleni. Jibu likarudi kwamba mama hajaja kumfukuza mwanamume kwenye kiti chake. Basi nikajisifu: mimi ni fundi wa televisheni, vioo viwili ni kazi ndogo. Nikafunga televisheni yetu ya zamani chumba cha wageni, nikapitisha waya juu ya dari, kisha nikaunganisha na kubwa ya sebuleni kwa spilita, kile kiboksi kinachogawa picha ya king'amuzi kwenda vioo viwili. Majirani wakajaa sebuleni. Nikawasha.

Kwetu picha ikaja inang'aa. Mke wangu akatoka chumbani.

"Baba Shija, kwa mama ni giza. Kuna maandishi tu."

"Chomeka waya vizuri."

"Umechomekwa. Mpira unaanza!"

Ningeweza kuingia mwenyewe, lakini mama alikuwa ndani. Ikabidi aombwe atoke aende uani kwanza, nami nizunguke nisubiri kusikia kwamba ameshakaa kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo. Nyumba yangu mwenyewe, nanyata ndani yake! Nilikasirika, nakiri, ila nilikuwa nacheka pia.

Chumbani kile kioo kizee kiliandika kwamba hakiwezi picha ya namna hiyo. Hapo nikajua kosa ni langu. Spilita ikiwashwa, kabla haijarusha chochote, hukihoji kioo kupitia waya uleule: wewe nani, umetengenezwa na nani, unamudu picha ya ukubwa gani? Kioo hujibu kwa taarifa fupi iliyohifadhiwa ndani yake. Ni kama Wasukuma tunavyopokea mgeni: kwanza ukoo, kwanza habari za kwenu, ndipo uandaliwe. Ila spilita yangu ilikuwa ya bei rahisi, na ilihoji kioo kimoja tu, kilichochomekwa tundu la kwanza. Na tundu la kwanza, kwa kuwa wanaume ndio wanaoanza kuandaliwa, nilikuwa nimeipa sebule. Ikasikia habari za kioo kikubwa, ikavirushia vyote viwili picha kubwa, na kile kizee cha chumbani kikashindwa kuimeza.

Nikarudi sebuleni ili mama aingie tena chumbani, nikazima kila kitu.

"Aa! Fundi!" majirani wakapiga kelele.

"Tulieni. Mama ndiye anayeanza."

Nikabadilisha nyaya: chumba tundu la kwanza, sebule la pili. Nikawasha upya, spilita ikahoji upya, safari hii kioo kizee. Picha ikarudi kwetu imefifia kidogo, nyasi hazina ule ukali wake. Jirani mmoja akauliza kama nimewarudisha enzi za babu yake. Mimi nilikuwa nasikiliza ukutani. Mke wangu akapaza sauti kwamba imeonekana, nikaketi nikiwa na furaha ambayo sijawahi kulipwa na mteja yeyote.

Shemeji yangu aliingizwa kipindi cha pili. Haikupita muda akapenya katikati ya mabeki, akabaki na kipa peke yake. Kamera ikamvuta karibu, jasho usoni, kinywa wazi. Akapiga. Mpira ukapaa juu ya goli ukaenda kwa mashabiki.

Sebuleni wote tukashika vichwa. Chumbani vikalia vigelegele, virefu, havina mwisho.

Nikamsikia mke wangu akimweleza taratibu, "Mama, amekosa. Siyo goli."

"Goli la nini?" mama akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwetu. "Nimemwona mwanangu."