Kwenu Jana Mlikula Nini?

Basi lilimshusha msafiri saa moja asubuhi, shingo imekakamaa na tumbo linadai haki yake. Mkabala na stendi palikuwa na mgahawa wa meza nne. Ubao wa vyakula ulining'inia mlangoni, hauna hata herufi moja.

"Leo mnapika nini?" aliuliza.

"Hatujui bado," alijibu mwenye mgahawa, mama wa makamo ambaye mji mzima ulimwita Bi Kikapu. "Tunakwenda kuuliza sokoni. Ukiwa na njaa, kunywa chai. Ukiwa na miguu, twende."

Msafiri alikuwa na vyote viwili. Akamaliza chai kwa mikupuo mitatu, akafuata.

Njiani alijua kulikoni. Binti ya Bi Kikapu alikaribia kujifungua, na mama angeondoka saa sita kwa basi lile lile lililomleta msafiri, ambalo lilipumzika stendi kabla ya kuendelea na safari. Angekaa huko miezi mitatu. Mgahawa ungebaki mikononi mwa wifi yake, mke wa kaka yake, au ungetiwa kufuli. Sokoni ndiko neno hilo lingeamuliwa.

"Kupika anajua," Bi Kikapu alisema, wifi akiwa hatua mbili mbele na akisikia kila neno. "Tatizo, ananunua kwa macho."

"Wewe unanunua kwa masikio?" wifi alirusha bila kugeuka.

"Ndiyo."

Msafiri alidhani ni utani. Lakini Bi Kikapu alipofika kwa muuza maboga hakubonyeza wala hakunusa. Alisalimia, akaulizia mguu wa mzee na mtihani wa watoto, kisha akasema, "Kwenu jana mlikula nini?"

"Kunde, mwenzangu. Haya maboga bado ni maji tu, nipe wiki mbili."

Bi Kikapu akashukuru, akasonga mbele. Msafiri aligeuka mara mbili kumtazama yule mama. Mkulima huweza kusifia chochote alichokipanga mezani. Chungu cha kwake hakijui kusifia.

Bi Kikapu alikaa juu ya kreti, akampa wifi kikapu kitupu. "Haya. Mimi nimefika. Sasa zamu yako."

"Wifi, mimi siwezi kuuliza watu walikula nini. Nitaonekana mdoezi."

"Onekana."

Wifi alikwenda, akarudi haraka mno. Juu ya kikapu zilimeta njegere nono kama shanga. Bi Kikapu alipasua ganda moja, akatafuna, akatema. "Kokoto. Msimu wake umekwisha." Akatazama upande wa stendi.

Wifi alikinyanyua kikapu. Safari hii msafiri alimfuata nyuma nyuma, kama paka anayefuata samaki. Wifi alisimama mbele ya mzee muuza mabilinganya, akabadilisha mguu, akakohoa.

"Baba, samahani. Kwenu jana mlikula nini?"

Mzee alicheka, na majirani wakacheka naye. "Una njaa, mwanangu?"

"Sina njaa," wifi alisema, shingo wima. "Nina mgahawa."

Kicheko kikapungua. Mzee akajikuna kidevu, akainama, akavuta gunia kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na mabilinganya madogo, yamepinda kama vidole vya bibi. "Haya ndiyo tunayokula sisi. Nayaficha, wateja wanayaona mabaya."

Waliporudi kwenye kreti, Bi Kikapu alilivunja moja kwa vidole. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini. Hakusifu. Alifungua fundo kwenye pindo la nguo yake, akatoa ufunguo wa mgahawa, akautumbukiza kikapuni.

Saa sita mabilinganya yalikuwa motoni na kitunguu, na ubaoni wifi ameandika: Yaliyopinda. Basi lilinguruma. Kondakta alimpungia msafiri. Kiti chake kilikuwa kimelipiwa hadi mwisho wa njia.

"Mgeni, huendi?" Bi Kikapu aliuliza dirishani.

"Hayajaiva."

"Wifi! Na zile njegere?"

"Nimeziloweka zilainike. Zitapikwa kesho."

Bi Kikapu akavuta kioo cha dirisha. Basi likageuza. Msafiri akakokota kiti karibu na jiko, akauliza kuloweka huko huchukua muda gani.