Chumvi Ambayo Shefu Hakuionja

Mwanamke aliyecheka kwenye kumbukumbu ya Shefu hakuwa amelewa wala hakuwa amechanganyikiwa, ingawa yote mawili yalisemwa kabla hajafunga mdomo. Alicheka kwa sababu alisikia uongo, na uongo wenyewe ulimhusu yeye.

Asubuhi hiyo hoteli ilikuwa imefunga ukumbi wa chakula kwa ajili ya kumkumbuka mpishi wake mkuu wa zamani, aliyefariki miezi miwili nyuma akiwa na miaka sabini. Picha yake ilitundikwa karibu na mlango wa jikoni, kofia nyeupe imekaa upande kama kawaida yake. Mwanamke huyu, ambaye jikoni walimwita Bi Kijiko, alifika mapema akiwa na gauni lake la kutokea. Hata kiti hajapata, meneja akamwona.

"Afadhali umekuja, mama. Vikombe vimelundikana kule nyuma, hebu tusaidie kidogo."

"Leo nimekuja kuketi," akasema, akaketi. Meza ya nyuma kabisa, lakini aliketi.

Shefu alistahili kukumbukwa. Hilo hata Bi Kijiko, pamoja na uchungu wake wote, hakulikataa. Mzee alianza kwa kumenya viazi kwenye jiko la shule, akaja hotelini kusugua sufuria, akapanda ngazi moja moja mpaka kwenye kofia ndefu. Vitunguu alivikata huku amebana njiti ya kiberiti menoni, akiapa kwamba inazuia machozi, na machozi yanamtiririka. Akipita nyuma ya mtu na chombo cha moto alipaza sauti, "Moto mgongoni!", hata siku aliyobeba barafu. Sufuria kubwa kuliko zote aliiita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, ukiipa kisogo tu imefurika. Wafanyakazi aliwapakulia kabla ya wageni, tena kwenye sahani nzuri. Mlinzi wa getini alijua kwamba kuna paja moja la kuku ambalo ni lake, na hakuna mgeni, hata awe nani, atakayelipata.

Ndiyo maana walimpenda. Ndiyo maana na yeye, muosha vyombo ambaye darasani hakukanyaga, alikubali kumtunzia siri.

Ilikuwa masika moja ya mafua mabaya. Shefu aliugua wiki tatu, akarudi kazini amekonda, na siku ya pili sahani ya supu ikarudishwa kutoka mezani. Bi Kijiko alichovya kidole, akaonja, kabla ya kuiosha.

"Shefu, supu umeitia chumvi mara mbili."

Mzee akamtazama, akamshika mkono, akampeleka stoo ya viazi, akafunga mlango. Akachukua punje tatu za kitunguu saumu kibichi, akazitia mdomoni, akazitafuna taratibu kama mtu anayekula karanga. Uso haukukunjamana hata kidogo.

"Unaona? Kama natafuna karatasi. Pua imekufa, ulimi umekufa. Wakijua, nimekwisha."

Kuanzia siku hiyo wakapanga. Kila chungu kilipokaribia kuiva, Bi Kijiko alipita na kijiko kana kwamba anakwenda kukiosha, akaonja, akagonga ukingo wa sinki. Mara moja: ongeza chumvi. Mara mbili: kamulia limau. Mara tatu: pakua. Shefu alisikiliza huku amewapa wote mgongo, akitingisha kichwa kama mtu anayewaza. Miaka tisa. Wageni walirudi, wakasifu, wakaleta na jamaa zao.

"Siku nikistaafu," alimwambia zaidi ya mara moja, "nitasimama mbele ya wote niseme. Nitasema ulimi ulikuwa wako."

Siku ikafika. Shefu akasimama katika ukumbi huuhuu, akamtafuta kwa macho, akampata. Mdomo ukafunguka. Akasema, "Nawashukuru nyote."

Nyote! Neno hilo Bi Kijiko alilibeba miaka sita kama jiwe kwenye kiatu. Mpishi mpya alipoingia, la kwanza alisema hapendi kelele za vijiko jikoni. La pili, akamwondoa. Shefu alikuwa nyumbani kwake wakati huo, amepumzika. Hakutuma hata salamu.

Basi sasa Bi Kijiko amekaa meza ya nyuma, na mbele amesimama mdogo wake Shefu, mwalimu mstaafu, ameshika karatasi ya wasifu. Kusoma hajui, lakini masikio anayo. Alisikiliza tangu mstari wa kwanza, akisubiri kutajwa. Mwalimu akafika mwisho.

"Kaka yangu amekula chumvi nyingi," akasoma kwa sauti ya kutetemeka vizuri. "Na kila chakula kilichotoka katika jiko hili alikionja kwa ulimi wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, mpaka siku aliyostaafu."

Hapo ndipo Bi Kijiko alipocheka. Vichwa vikageuka.

"Mama," akasema Mwalimu, "hapa tuna heshima."

"Hata mimi ninayo, nimekuja nayo kutoka nyumbani." Akasimama. "Chumvi alikula, mwalimu wangu. Hakuionja. Ya miaka tisa ya mwisho nilimwonjea mimi."

Meneja akainuka. "Jamani, mtoeni huyu mama taratibu."

"Atakayenishika ajipange," akasema Bi Kijiko. "Mlinitoa jikoni nikanyamaza. Leo sitoki." Akawaeleza yote: mafua, stoo ya viazi, kitunguu saumu, sinki. Alisema hata ile "nyote", na hapo sauti yake ikakwaruza, lakini haikukatika.

"Shahidi wako nani?" akauliza Mwalimu. "Aliyekufa?"

Mkata nyama, mtu mzima mwenye mikono kama magogo, akanyanyua mkono kutoka meza ya jikoni. "Kugonga tulikusikia sote. Ko, ko, ko kila siku. Mimi nilidhani anakung'uta maji. Ila nilikuwa najua akigonga tatu nilete sahani. Sasa ndiyo najiuliza nilijuaje!"

Watu wakaguna. Ndipo mjane wa Shefu, aliyekuwa kiti cha mbele, akageuka mzimamzima.

"Masika ipi?"

"Ile ya mafua, mama. Miaka tisa kabla hajastaafu."

Midomo ya mjane ikachezacheza kama ya mtu anayehesabu mishono. "Ile masika," akasema polepole, "ndiyo aliyoacha kusifu chakula changu. Kabla ya hapo alikuwa hamalizi sahani bila neno. Halafu kimya. Anakula, anasema ahsante, ananyanyuka. Nikasema huyu amepata anayempikia kunishinda. Nikasema mpishi mkubwa amenidharau." Akavuta pumzi. "Siku moja nikamtia chumvi kwenye chai. Makusudi! Vijiko viwili, apige kelele tu, tugombane, niujue moyo wake. Akanywa yote. Akasema ahsante mama. Nililia siku tatu."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akafuata, na mjane mwenyewe akajikuta anacheka huku anafuta macho. "Kumbe mzee hakujua hata kama ni chai!"

Akanyanyuka, akamwendea shemeji yake. "Futa hapo."

"Shemeji, imeshachapwa."

"Kalamu unayo mfukoni. Futa 'bila kusaidiwa'. Andika anavyosema huyu dada mwenyewe." Akamgeukia Bi Kijiko. "Njoo huku mbele, dada. Na mimi nina langu la kumwuliza huyu mume wangu, ila tuanze na lako."

Bi Kijiko akapita katikati ya meza zote. Hakuharakisha. Mwalimu akaandika, akakohoa, akasoma: "Katika miaka yake ya mwisho alisaidiwa na wafanyakazi wote."

Wote! Bi Kijiko akachukua kijiko cha chai kwenye meza ya mbele. Akagonga ukingo wa kikombe, mara moja.

Meza ya jikoni ikalipuka kwa kicheko. "Bado chumvi, mwalimu!" akapaza sauti mkata nyama. "Ongeza!"

Mwalimu akatazama kijiko, akamtazama shemeji yake, akainama tena. Safari hii aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma, bila kutetemesha sauti: "Kaka yangu alikula chumvi nyingi. Kwa miaka tisa hakuweza kuionja. Aliyemwonjea ni muosha vyombo wa jiko hili, mwanamke huyu aliyesimama hapa, na kaka yangu aliahidi kusema, akashindwa. Mimi nasema."

Bi Kijiko aliitazama ile picha, kofia upande. Hakusema amemsamehe, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Akainua kijiko.

Ko. Ko. Ko.

Na mkata nyama, kwa mazoea tu, akasimama kwenda kuleta sahani.