Magurudumu ya Desire

Jumamosi ya mwisho kabla mambo hayajaharibika tulikuwa mtaroni, mimi na Desire, tunateremsha magari. Mtaro wenyewe ni ule wa saruji unaopita nyuma ya soko la mtaa wetu wa Jabe. Mvua zilikuwa hazijakolea, kwa hiyo ulikuwa mkavu na laini kama meza. Unaliweka gari juu, unaliachia, unakimbia pembeni yake hadi chini. Ambaye gari lake linapinduka anabeba yote mawili kupanda.

“We Saidi, ambilansi yako inatembea kama mama ya mimba,” Desire alisema.

“Na lori yako je? Imelewa! Tazama, inaenda kulala kwa ukuta.”

“Iko inasinzia tu, sha. Imetoka safari ya mbali.”

Tulicheka mpaka muuza makaa akatufukuza.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, na sababu yake mtaiona humu. Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu. Vijana wa garaji wananiita Mzee Saidi, na uzee huo sikuununua. Nikikosea uandishi, nivumilieni.

Magari yetu yalikuwa ya chuma, madogo, yanaenea kiganjani. Mama yangu aliuza nguo za watoto za mitumba, na kila akifungua balo alipapasa kwanza mifuko ya makoti. Watoto wa Ulaya wanasahau vitu mifukoni. Mara pipi iliyogandamana, mara sarafu isiyotumika huku, na mara mojamoja, gari. Mama Desire naye alikuwa anafulia wazungu kule Kiriri. Gari likivunjika kioo watoto wa kule walikuwa wanalitupa, naye akalifunga kwenye kitenge akaleta kwao, mtaa wa Nyakabiga. Hivyo ndivyo tulivyokusanya. Tulikuwa na ambilansi nyeupe, lori la njano lisilo na kioo, gari la buluu la milango inayofunguka, na lile jekundu la mbio ambalo lilikuwa mfalme wa yote.

Mabodi, yaani magari bila magurudumu, yalilala kwetu Jabe. Magurudumu yalilala kwa Desire, Nyakabiga, ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Sheria hiyo hatukuibuni. Tuliitoa garaji ya baba yangu. Mafundi wawili wakinunua gari bovu kwa ubia, mmoja anakaa na bodi uani kwake, mwenzake anafungua magurudumu yote manne anayapeleka kwake. Hakuna karatasi wala shahidi. Lakini hakuna anayeweza kuliuza kwa siri, na wakitaka kulifanyia kazi lazima wakutane. Ukiondoka na magurudumu bila kumwambia mwenzako, wewe ni mwizi, na hakuna fundi wa Jabe atakayekupa hata spana.

Desire ndiye aliyegundua namna ya kufungua yale madogo. Chini ya kila gari kuna kichwa cha ribiti, kile kimsumari kilichobanwa. Unakisaga kwa tupa, kibati kinatoka, na vijiti vya chuma vinavyoshika magurudumu vinatoka navyo. Kufunga, tulikata pete nyembamba za mpira kwenye tyubu ya baiskeli, tukaibana bodi. Alikuwa na mikono, yule mtoto. Mimi leo ni fundi mkubwa, nasema: alikuwa na mikono kunishinda.

Kisha, mwaka wa tisini na tatu, rais akauawa, na redio ikanyamaza.

Sitaeleza siasa. Wapo waliosoma, wanaelezea kila mwaka kwenye mahoteli, wakinywa maji ya chupa. Mimi nitasema kilichotokea mtaani. Baba Desire alikuwa mwashi, mwezi ule alikuwa amekwenda kujenga mikoani, na hakurudi. Majirani waliokuwa wanakopeshana chumvi wakaanza kupimana pua. Mitaa ikachujwa, huku wa aina hii, kule wa aina ile. Jabe kwetu, Waswahili wa zamani, baba na wenzake walikataa. Walisema hapa tunauliza mtu kama amekula, hatumuulizi kingine. Walilipia kukataa huko.

Sitaandika Desire alikuwa kabila gani. Anayetaka kujua anataka apime kwanza kama inafaa ahuzunike.

Vijana wa Nyakabiga wakaweka bariyeri, mti wa kuzuia watu, kwenye barabara kubwa inayotutenganisha. Siku walizoamua mji ufe, mji ulikufa: hakuna duka, hakuna gari, matairi yanawaka katikati ya lami. Matairi hayo waliyachukua garaji ya baba. Hawakuomba. Mmoja wao aliitwa Gaspari, kijana mrefu ambaye miaka yote alikuwa anakuja kwa baba kujaza upepo baiskeli yake, bure. Siku hiyo alikuja na wenzake, akayavingirisha matairi nje mbele ya baba, na salamu hakutoa.

Hata hivyo tuliendelea kucheza, siku ambazo barabara ilikuwa wazi. Desire alivuka na kopo lake, tukafunga, tukateremsha, tukafungua, akarudi na kopo. Tungeweza kuyaacha yote pamoja upande mmoja. Hatukufikiria. Sheria ni sheria, na nadhani tulikuwa tumeishikilia kwa sababu wakubwa walikuwa wameziachia zao zote.

Mwaka wa tisini na tano nyumba za watu wa aina ya Desire zilianza kuchomwa kule Nyakabiga. Baba akatafuta kamyoneti, kigari cha mizigo, ya kuwapeleka mpaka Gatumba, na kutoka hapo Uvira, iliyokuwa bado Zaire. Mpango ulikuwa huu: Mama Desire avuke asubuhi na beseni la nguo kichwani, kama anayekwenda kufua. Desire amfuate baadaye, mikono mitupu, kama mtoto anayekuja kucheza. Wakivuka pamoja ingeonekana ni safari.

Mama Desire alivuka salama. Aliketi uani kwetu, juu ya injini kuukuu, beseni magotini.

Desire hakuja mikono mitupu. Alikuja na kopo.

Nilimwona kutoka upande wetu. Nilielewa palepale. Alikuwa anakwenda Zaire, na hakutaka kuondoka na magurudumu. Alikuja kunikabidhi.

Watu wananiuliza kama najilaumu kwa ile sheria yetu. Apana. Tulikuwa watoto, na tulikuwa waaminifu. Walaumiwe waliokuwa na mapanga.

Pale bariyeri Gaspari alimsimamisha, akalitikisa kopo. Likalia.

“Hii ni nini?”

“Ni magurudumu.”

Alimwaga machache mkononi. Vijiti vile vya chuma, vidogo, vyenye mpira huku na huku. Mwenzake akarudi nyuma. “Weka chini, Gaspari! Hivyo ni vyuma vya bomu. Wanatumaga batoto.”

“Si bomu,” Desire alisema. “Ni ya magari yetu. Mabodi iko kwa Saidi.”

“Saidi gani?”

“Wa fundi. Mule Jabe.”

Gaspari aliniona nimesimama ng'ambo. Akaniita kwa kidole. “We mutoto wa fundi! Leta hayo mabodi. Kama hayaingiani, mutatuona.”

Baba hakuwepo, alikuwa anatafuta mafuta ya kamyoneti. Nilikimbia nyumbani, nikachukua mabodi ndani ya shati, nikavuka.

Lami ilikuwa ya moto. Tulichuchumaa, mimi na Desire, katikati ya bariyeri. Tukaanza na lile jekundu. Nilishika bodi, yeye akaingiza vijiti, akabana pete ya mpira. Bodi iliniponyoka. Yeye aliiokota, akanirudishia.

“Shika vizuri, sha,” aliniambia polepole. “Utapoteza mpira.”

Akalisukuma. Likatembea.

Walicheka wote. Kicheko cha kufurahi, si cha ubaya. Yule aliyeogopa bomu akasema, “Yewe, tazama mulango ile ya buluu inafunguka!” Wakatuambia tufunge mengine. Tukafunga. Kisha wakaweka mapanga chini, mmoja akaweka guruneti yake juu ya jiwe, wakachuchumaa pamoja nasi, wanaume wenye ndevu, wakayateremsha magari yetu barabarani. Walibishana nani ameshinda. Walisukumana mabega. Gaspari alishika lile jekundu, akashinda, akaruka juu kama mtoto.

Nilidhani tumepona.

Nilimtazama Desire. Naye alidhani hivyo hivyo. Yale magari mengine yalikuwa yamemrudia, naye alikuwa anafungua magurudumu, anayatia kopo, huku anatabasamu.

Kisha mwanamke mmoja wa Nyakabiga akapita, akasema bila hata kusimama: “Huyo si mutoto wa mwashi? Mama yake amekimbia leo asubuhi.”

Wakainuka.

Gaspari akalitia gari jekundu mfukoni. Akaokota panga.

“We Saidi, beba mabodi yako, rudi kwenu.”

“Na Desire?”

“Rudi kwenu.”

Nilimshika Desire mkono. Mtu akanipiga kofi, nikaanguka. Baba alikuwa amefika, anakimbia, mikono juu. Alisema huyu ni mtoto wangu, nipeni mtoto wangu. Alimwapia Gaspari kwa jina la Mungu. Alimkumbusha ule upepo wa baiskeli.

“Muswahili, haya si yako,” Gaspari alimwambia. “Enda nyumbani.”

Baba hakwenda. Wakampiga sikioni kwa mti wa bariyeri. Sikio lile halikusikia tena hadi alipokufa.

Wakampitisha Desire nyuma ya ukuta wa nyumba iliyoungua. Alikuwa bado ameshika kopo.

Sikusikia kitu. Hilo ndilo linanisumbua. Nilisubiri nisikie.

Baba alirudi damu shingoni, akakuta Mama Desire amesimama tayari, beseni limeanguka, nguo mavumbini. Hakuna aliyemwambia. Alimtazama baba, akanitazama mimi na yale mabodi, akaketi chini. Ilibidi tumbebe kumpandisha kamyoneti.

Nimewasikia wengi wakisema vijana wale walikuwa wanyama, walikuwa wamelewa, walikuwa wamerogwa na wakubwa. Mimi nakataa. Niliwaona. Walikuwa watu, tena walikuwa wamefurahi. Mnyama hachezi na gari la mtoto halafu akamuua mwenye gari. Kama wangemuua wakiwa na hasira ningetafuta njia ya kuelewa. Walicheza kwanza.

Miaka ikapita. Baba akafa, nikashika spana zake. Garaji niliyo nayo leo nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na hakuna mjumbe wala shirika lililonipa msumari. Mama Desire aliikuta vita nyingine kule Zaire, akarudi. Anaishi Kanyosha, analima lengalenga, ile mboga ya majani, analeta sokoni Jabe. Alikuwa ananiuliza swali moja tu. Hakuuliza nani. Hakuuliza kwa nini.

“Walimuweka wapi, mwanangu?”

Vita ilipokwisha wakubwa walitia saini wakapeana mikono. Swali hilo hakuna aliyemjibu.

Siku moja mwanaume mwenye tumbo na shati la kupiga pasi aliingiza gari garaji kwangu. Breki zilikuwa zinalia. Nilipandisha gari kwenye jeki, nikafungua magurudumu yote manne, na yeye akaketi kwenye benchi akizungumza.

“Hapa Jabe, Mzee, kulikuwa na fundi mmoja zamani. Muswahili muzuri sana. Alikuwa ananipa upepo bure.”

Niliweka spana chini.

“Ni baba yangu.”

Alinitazama. Nikaona anapita mwaka hadi mwaka kurudi nyuma, hadi akafika pale kwenye lami.

“Desire mulimuweka wapi?” nilimuuliza.

“Ayi, Mzee. Mambo ya zamani hayo. Tulikuwa vijana. Inchi yote ilikuwa inawaka moto.”

“Sikuuliza inchi. Nimeuliza mutoto.”

Alisema hakumbuki. Alisema hakuwa peke yake. Alisema Mungu ameshasamehe. Aliomba nirudishe magurudumu, ataenda kwa fundi mwingine.

Niliyabeba mawili mawili, nikayaingiza chumbani kwangu, nikafunga mlango. Gari nikaliteremsha kwenye jeki, nikaliacha juu ya mawe.

“Unajua desturi ya mafundi wa hapa,” nilimwambia. “Bodi ni yako. Magurudumu yanalala kwangu. Siku utakuja kumuonyesha mama yake mahali, nitayafunga.”

“Nitaleta polisi!”

“Leta. Nitawaeleza nayadai nini.”

Alicheka kidogo. Akaona vijana wangu wote wamesimama na spana mkononi, hakuna anayecheka. Akasema atarudi kesho, tuyamalize kiume.

Hakurudi. Polisi hakuleta. Hakutuma hata mtu.

Gari liko palepale uani, juu ya mawe. Majani yameota chini yake, kuku wanataga humo. Wapo wanaoniambia, Mzee Saidi, liuze vipuri, mwenyewe ameshaliacha. Wapo wanaoniita mkorofi, wananiambia nchi imepona, niache kukwaruza kidonda. Mimi siuzi hata skrubu moja. Mtu ameacha gari zima, zuri, la kutembelea, kwa sababu hataki kunyoosha kidole na kusema: pale. Halafu mimi ndiye ninayeambiwa nisahau.

Mama Desire akija sokoni anapitia kwangu. Siku hizi haulizi lile swali. Anaangalia kwanza uani.

“Bado?”

“Bado, Mama.”

Anatua beseni, anaketi kidogo, anakunywa chai. Kisha anajitwisha lengalenga zake anaenda.

Mabodi yetu madogo ninayo, ambilansi na lori na lile la buluu, yamelala kwa matumbo ndani ya sanduku. Na yale magurudumu makubwa manne yako chini ya kitanda changu. Nayatunza. Yakipungua upepo nayajaza. Si yangu. Siku atakapokuja kusema, nitayafunga yote kwa mkono wangu, nitakaza kila nati, na aondoke.

Lakini aseme.