Nilivyoonja Shimo la Keji

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya shimo uani kwa jirani yangu Keji, kikombe mkononi, maji mdomoni, fundi Okello aliponiuliza, "Mama, unakunywa shimo la choo?"

Wivu ndio ulionifikisha pale. Vita tulivikimbia pamoja, mimi na Keji, lakini hapa mtaani New Site yeye amepata nyumba ya matofali, mimi mabati yaliyotoboka. Asubuhi ile nikaona shimo lake limejaa maji, na ni kiangazi, sote tunangoja lori la maji. Nikamwambia Poni, jirani wa pili, "Keji amepata kisima, anatuficha!"

Poni akasema, "Ya mama, nenda ukaonje. Labda maji ni ya chumvi."

Nikaonja. Wallahi, yalikuwa matamu, roho ikazidi kuniuma.

"Hayo nimeyamwaga mimi," fundi akasema. "Napima kama udongo unakunywa maji haraka, ndipo tumjengee choo cha ndani."

"Mwache, fundi," Keji akacheka. "Udongo ukishindwa kunywa, huyu atamaliza."

Haya Poni, nijibu mbele ya watu. Keji anasema ulisimama pale ukimtazama fundi akimwaga dumu baada ya dumu. Mbona ulinituma nikanywe?