Harufu ya Muhogo wa Espérance

Ukitaka kumkasirisha Espérance, mwambie kuna mtu katika soko la mji wa Baraka mwenye unga mzuri kuliko wake. Muhogo uliomenywa yeye huurundika, akaufunika kwa majani na magunia mpaka uote kuvu jeusi, kisha akalikwangua na kuuanika. Bila kuvu, ugali ni gundi, na Espérance hakuzaliwa kuuza gundi.

Mwanawe Darius aliporuhusiwa kupumzika nyumbani, katikati ya matibabu ya saratani ya damu huko Bukavu, daktari alionya: dawa zimemmaliza kinga, mweke mbali na uchafu. Mama akatii. Akapiga deki, akachemsha maji, akafukuza kuku wote. Mvua ilipokataa kukatika, akaingiza muhogo chumbani, akawa anaukwangua kando ya kitanda huku wakipiga soga na mwanawe. Kuvu lilikuwa kazi yake. Nani huita kazi yake uchafu?

Homa ikaja, kikohozi kikafuata. Hospitalini Baraka dawa zote zikagonga mwamba.

"Mama Darius," akasema Eugène, muuguzi, "docteur anawaza ni kuvu iliingia mu mapafu. Mutoto mwenye ugonjwa ya vile, inamushika mbio. Pengine ilitoka kwenu, pengine kule Bukavu, hatuwezi jua. Dawa yake haiko hapa."

"Basi tumurudishe Bukavu!"

"Mu njia banapigana, gari haipite. Benye mabwato ya ku ziwa nabo banaogopa."

Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki. Espérance alimchukia daktari, akaichukia mvua, lakini zaidi aliichukia mikono yake mwenyewe. Ile "pengine" ya Eugène hakuisikia kabisa, alikwisha kujihukumu.

Kabla ya kumkaribia mtoto, akaoga, akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Nguo zake akaziacha nje, akavaa kitenge cha kuazima. Darius alilala amefumba macho kwa homa. Akamshika mkono.

"Ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni miye, mama."

Darius akavuta pumzi, akanusa. Kisha akauchomoa mkono wake polepole.

"Hapana. Mama yangu ananukaka muhogo. Mumuite."

Espérance akainuka, akafika mlangoni, akasimama hapo asijue aende kumwita nani.