Uzito wa Betri

Fundi anayebadilisha maboti kuwa ya umeme hapa Karungu huongea kwa kupaza sauti, kana kwamba bado kuna injini ya petroli inayonguruma pembeni yake. Mota anazofunga siku hizi hata hazisikiki. Kabla ya kugusa nyaya huvua pete yake ya ndoa na kuitia mdomoni, na hapo maswali yangu yote huyajibu kwa nyusi. Mimi huanika omena, wale dagaa wa ziwani, karibu naye, kwa hivyo namwona vizuri. Asubuhi moja Obare, mwenye boti, alikuwa tayari kuondoka na abiria. Fundi akamwonyesha skrini ndogo ya betri: chaji asilimia kumi na mbili. Obare hakuiangalia. Aliinua sanduku la betri upande mmoja, vile sisi sote tulizoea kupima tangi la petroli. "Bado iko nzito, fundi. Tutafika." Fundi akatema pete kiganjani. "Omera, ndugu yangu, hii hata ikiisha chaji kabisa itabaki nzito hivyo hivyo. Wataka kulaza watu katikati ya ziwa?" Abiria wakashuka wenyewe, bila kuambiwa.

Jioni betri ilirudi kutoka kuchajiwa. Fundi akaifunga, akapangusa skrini kwa shati, akasoma mia. Akasoma tena. Kisha, akidhani nimeinamia omena wangu, akapitisha mikono chini ya sanduku na kuliinua kidogo. Ndipo akavaa pete yake.